Namba Niliyomficha Bibi

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, Bibi Veturia aliniuliza swali moja. Aliliuliza akiwa amenipa mgongo, akipaka siagi na jamu ya plamu kwenye mkate wangu.

"Inasema nini leo, Crina?"

"Inasema hamsini na tano, Bibi."

"Basi ina afya kuliko mimi."

Aliyekuwa akijuliwa hali ni boila yetu ya gesi, sanduku jeupe lililotundikwa ukutani jikoni, juu ya meza. Ilichemsha maji na kuyasukuma kwenye vyuma vya joto chini ya madirisha, na majira ya baridi katika mji wetu wa kando ya mto Târnava nyumba isiyo na boila nzima si nyumba, ni jokofu. Usoni ilikuwa na kioo kidogo. Mambo yakiwa sawa, kioo kilionyesha joto la maji. Kukiwa na hitilafu, kilionyesha herufi E na namba, na kila namba ilikuwa na maana yake.

Bibi hakuweza kuzisoma namba hizo kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Babu Simion alikuwa ameshafariki, na mama yangu alikuwa Verona, Italia, akimtunza bibi wa watu wengine ili mimi na bibi yangu tule. Kwa hiyo macho ya nyumba yalikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Fundi aliyetufungia boila aliitwa Tiberiu, mzee mnene mwenye masharubu, aliyesoma darasa moja na mama yangu mkubwa. Kwa ajili yetu aliandika kadi kwa kalamu nene na kuibandika kwenye mlango wa kabati:

E1. Moto haukuwaka. Angalia kama bomba la gesi liko wazi. Bonyeza kitufe chekundu mara moja.

E9. Maji yamepungua. Fungua koki ndogo ya chini mpaka mshale ufike moja na nusu. Funga. Bonyeza kitufe.

E3. Moshi hautoki nje. USIBONYEZE. Zima, fungua dirisha, tokeni, niiteni.

Kadi hiyo niliijua kwa moyo. E9 ilitokea mara mbili vuli ile, na mara zote mbili niliitengeneza mwenyewe. Bi Zamfira, jirani yetu wa ghorofa ya chini, alisikia habari zangu akaja kuniita nikaiangalie na ya kwake. Toka siku hiyo alinipa cheo. "Injinia anapita, mpisheni," alikuwa akisema nikiteremka ngazi na begi langu la shule. Sifa zilinipanda kichwani, na sifa zikishapanda kichwani huwa hazishuki zenyewe.

Sasa nieleze habari ya tundu, kwa maana bila tundu hakuna kisa.

Boila yetu ilikuwa ya aina ya zamani, ile inayovuta hewa ya mle mle jikoni ili moto wake uwake, kisha inatoa moshi kwa bomba linalopanda juu ya paa. Madirisha yetu yalikuwa mapya, ya plastiki, yanayofunga kama kifuniko cha chupa ya kachumbari. Kwa hiyo Fundi Tiberiu alitoboa ukuta wa jikoni, tundu la ukubwa wa kisahani, akaliwekea wavu wa plastiki. Bibi alisimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Tiberiu, umenitobolea nyumba."

"Nimekutobolea pua, Bi Veturia. Nyumba lazima ipumue."

"Upepo wa kupita utaniua."

"Upepo wa kupita haujawahi kuua mtu."

"Ulimuua binamu yangu Aurel."

"Aurel aliuawa na pombe ya plamu. Mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza, na lilikuwa linanukia."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuwa akitania kuhusu upepo. Kwetu hakuna asiyeuogopa upepo wa kupita. Katikati ya mwezi wa saba, jua linachoma, mtu akifungua dirisha la basi watu watapiga kelele lifungwe, maana upepo huo ndio wenye kuleta maumivu ya jino, ya sikio, ya shingo na ya figo. Hata hivyo Fundi Tiberiu alimtaka Bibi atoe ahadi, na Bibi akaitoa. Alisema hataliziba tundu. Na Bibi akisema neno, lilikuwa neno.

Mwezi wa kumi na moja baridi iliuma. Kiti cha Bibi kilikuwa chini ya lile tundu, na jiko letu halikuwa na nafasi ya kukihamishia. Alifunga kitambaa kichwani, akatia pamba sikioni, akapaka shingo dawa ya kafuri iliyonuka nyumba nzima. Hakulalamika sana, ila niliona anavyogeuza mwili mzima akitaka kunitazama.

"Tuzibe kidogo tu, Bibi," nilimwambia.

"Nilitoa ahadi."

"Wewe ulitoa. Mimi sikutoa."

"Usiniletee uwakili, mjukuu wangu. Kunywa maziwa yako."

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, Bibi alipokwenda kanisani, nilipanda juu ya kiti chake. Niliubandua wavu, nikajaza tundu kwa soksi mbili nene za sufu zilizokuwa za Babu Simion, nikaurudisha wavu mahali pake. Kwa nje usingeona kitu. Nilishuka nimefurahi, na sitaki kudanganya kwamba moyo ulinisuta. Haukunisuta hata kidogo. Nilidhani nimemfanyia bibi yangu wema.

Siku mbili baadaye Bibi aligeuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

"Leo imelegea," alisema kwa mshangao. "Upepo umebadili njia, Mungu ashukuriwe."

Nilikula kichwa chini nisije nikacheka.

Ijumaa yake, nilipotoka shule, nilikuta vyuma vya joto vimepoa. Nilikwenda jikoni nikainua macho kwenye kioo. E3.

Sikuhitaji kuangalia kadi, lakini niliiangalia. USIBONYEZE. Fundi alikuwa ameliandika neno hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Nilijua kabisa cha kufanya: kuzima, kufungua dirisha, kumwita. Nilijua pia kwamba Fundi Tiberiu akija, jambo la kwanza atakalofanya ni kupeleka mkono wake mnene kwenye lile tundu. Atazitoa zile soksi mbele ya Bibi. Na mimi injinia nitaweka wapi uso wangu?

"Imekufa?" Bibi aliuliza kutoka chumbani. "Inasema nini?"

Ningeweza kuzitoa soksi wakati ule ule. Hilo nimelifikiri mara nyingi. Zingetoka kwa dakika moja. Lakini shingo ya Bibi ilikuwa imelegea, na mimi nilijiambia kwamba pengine mashine ina kichaa chake tu, kama redio ya zamani.

"Inasema E9, Bibi. Ni maji."

Ili uongo wangu ukamilike, nilifungua koki ndogo, maji yakaingia yakiimba kwenye bomba kama siku zote, ingawa hayakuwa yamepungua. Mshale wa kipimo cha maji ukapita moja na nusu. Kisha nikabonyeza kitufe chekundu. Boila ilinguruma, ikawaka, na mimi nikaona kwamba nilikuwa sahihi. Ukibonyeza inawaka. Sasa ina tatizo gani?

Wiki iliyofuata E3 ilitokea mara nne. Mara nne Bibi aliniuliza inasema nini, na mara nne nikamwambia ni maji. Mshale ulifika karibu na tatu, na tone moja moja lilianza kudondoka chini ya boila, nikaliwekea bakuli. Kichwa kilikuwa kinaniuma jioni, nikasingizia hesabu. Bibi naye alisema kichwa chake kizito, akasingizia hali ya hewa. Nikitoka nje kichwa kilipona, nikirudi ndani kikarudi. Injinia hakuona kitu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, siku ya Bibi kuoka cozonac, mkate mtamu wenye jozi na kakao ndani yake, ambao kwetu bila huo hakuna Krismasi. Unga wa mkate huo una masharti. Jikoni lazima pawe na joto, madirisha yafungwe, mlango ufungwe, na mtu asiingie wala kutoka, kwa sababu ukiguswa na upepo wa kupita unalala na hauinuki tena. Bibi aliuamini unga wake kuliko alivyowaamini madaktari.

Nilikuwa nakwenda shuleni kufanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Nilipokuwa nikivaa viatu boila ilizimika. E3 tena. Niliibonyeza haraka.

"Ikizimika tena nikiwa peke yangu nifanye nini?" Bibi aliuliza. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi, na unga ulikuwa umempanda mpaka kwenye viwiko. "Unga wangu unataka joto."

"Bonyeza tu hicho kitufe chekundu, Bibi. Hiki hapa, ukipapase. Ni yale maji tu."

"Na ikizimika tena?"

"Bonyeza tena. Hata mara ishirini."

"Sawa, injinia wangu. Funga mlango vizuri, usiniletee upepo."

Niliufunga mlango vizuri.

Nilirudi saa saba mchana. Ngazi zilinukia kabichi na nyama iliyokuwa ikichemka kwa majirani, lakini mlangoni kwetu hapakuwa na harufu ya mkate. Nilifungua mlango wa jikoni. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kabati, kitambaa kimemwangukia usoni. Unga ulikuwa umeinuka ukapita ukingo wa beseni na kuanza kumwagikia mezani. Nilimwita, akafungua macho nusu na kutamka jina la Mama badala ya langu.

Nilipiga kelele. Bi Zamfira alipanda ngazi mbio akiwa na mwiko mkononi, tukamburuta Bibi mpaka chumbani, tukamlaza. Bi Zamfira alipiga simu kuita gari la wagonjwa. "Ni shinikizo la damu," alikuwa akisema. "Mtu ana shinikizo la damu, anakanda kilo nne za unga. Mkaidi huyu. Nilimwambia anunue dukani."

Nami nilirudi jikoni. Niseme mbele yenu kama nilivyofanya, nisipunguze. Kioo kilikuwa kinawaka na kuzima: E3. Kitufe chekundu hakikuonekana wekundu wake, kwa maana kilikuwa kimefunikwa na unga, tabaka juu ya tabaka, wa chini umekauka, wa juu bado mbichi. Bibi alikuwa amenitii. Nilichomoa waya wa boila ukutani, namba ikatoweka. Nilifungua dirisha. Nilipanda kwenye kiti, nikazitoa soksi za Babu, nikazitia mfukoni mwa koti langu. Nilipomaliza, kengele ya mlango ililia.

Daktari wa gari la wagonjwa alikuwa kijana mwenye haraka. Alimfunga Bibi kile kifaa cha kupima shinikizo la damu, likaonekana liko juu, kama siku zote. Akambana kidole kwa kibanio kidogo chenye namba nyekundu, ambacho hupima hewa iliyomo kwenye damu. Kikaonyesha tisini na nane.

"Hewa anayo ya kutosha," alisema, akakunja uso. "Mnapasha nyumba joto kwa kitu gani?"

"Boila," alijibu Bi Zamfira. "Lakini ilikaguliwa vuli hii."

Daktari alinigeukia. "Ina tatizo lolote, binti? Imeonyesha kitu chochote siku hizi?"

Soksi zilikuwa mfukoni mwangu na mkono wangu ulikuwa juu ya soksi.

"Hapana," nilisema. "Maji tu."

Hospitalini walimwingiza Bibi ndani, sisi tukabaki kwenye korido, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma. Saa nane ikapita. Daktari mwingine, mama wa makamo aliyevaa miwani kwenye mnyororo, alitoka akasema wanashuku mshipa umeziba kichwani, watampiga picha ya ubongo. Saa tisa alitoka tena akasema picha haionyeshi kitu, na Bibi haamki. Alisema hivyo akimwambia Bi Zamfira, lakini mimi nilisikia. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Mimi, mtoto wa darasa la sita, nilikuwa nimekalia jibu ambalo hospitali nzima ilikuwa inalitafuta, na bado nilikuwa nikilikalia kwa kuogopa kuonekana mbaya. Watu husema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu mwenyewe alikuwa ameketi pale koridoni, na majuto yenyewe yalikuwa bado njiani.

Saa tisa na nusu Mama alipiga simu. Bi Zamfira alinipa.

"Crina, niko kituoni, natafuta basi. Nitafika kesho kutwa. Sikiliza. Mimi niko mbali, mimi sioni. Wewe ndiye macho yangu na ya Bibi. Kila ulichokiona mwambie daktari. Hata kitu kidogo. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

"Hata kidogo kabisa."

Nilimrudishia Bi Zamfira simu yake. Nilisimama, kichwa kikazunguka, nikatembea mpaka mlango uliokuwa umeandikwa usiingie, nikaingia. Yule daktari wa miwani alikuwa akiandika.

"Mtoto, huku haruhusiwi mtu."

"Haikuwa E9," nilisema. "Ilikuwa E3."

"Nini?"

"Boila. Ilikuwa inasema moshi hautoki nje. Toka wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nabonyeza. Bibi haoni, nikamwambia ni maji. Nikamwambia abonyeze." Nilitoa soksi mfukoni nikaziweka juu ya karatasi zake. "Hizi ndizo zilikuwa kwenye tundu."

Alizitazama zile soksi labda kwa nukta mbili. Kisha akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akaita watu kwa majina. Nilisikia maneno "hewa ya sumu" na "oksijeni, yote, sasa hivi." Baadaye nilielezwa kwamba moto wa gesi usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo huingia kwenye damu na kukaa pale pale ambapo oksijeni ingekaa, na kile kibanio cha kidoleni hakiwezi kutofautisha mgeni na mwenyeji. Ndiyo maana kilionyesha tisini na nane. Namba ya kibanio ilidanganya. Namba ya boila ilikuwa ikisema kweli, nami ndiye niliyeifanya ikaonekana haisemi kitu.

Walinipima na mimi. Sumu ilikuwemo kidogo katika damu yangu pia, nikavalishwa barakoa ya oksijeni na kulazwa kitanda cha jirani na cha Bibi. Bi Zamfira alikaa katikati yetu. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Alikuwa akilia kimya kimya huku akizikunja zile soksi na kuzikunjua.

"Nilikuwa nakuita injinia," alisema mwishoni. "Nilitakiwa nikuite mtoto."

Bibi aliamka kesho yake asubuhi. Aliuliza kama unga umeinuka.

Nilimwambia kila kitu siku ile Mama alipofika, mbele ya Mama. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika shavu. "Shingo yangu," alisema. "Kwa ajili ya shingo yangu." Baada ya dakika kumi aliniuliza kwa nini nalia, nikalazimika kumwambia tena. Hapo ndipo tulipojua.

Daktari wa miwani hakutuficha. Alisema Bibi ana bahati kuwa hai. Alisema pia kwamba ubongo uliokaa bila hewa hauhesabu kwa siku, unahesabu kwa dakika, na kwamba ikiwa wangejua saa saba kile walichokijua saa tisa na nusu, huenda angetoka akiwa mzima zaidi. Mama alinikumbatia akasema ulikuwa mtoto, ulikuwa mtoto. Lakini mimi nimeshajifunza hesabu, na kutoka saa saba hadi saa tisa na nusu najua ni dakika mia na hamsini.

Wiki moja baada ya mwaka mpya Fundi Tiberiu alikuja na boila nyingine, ya aina mpya ambayo haigusi hewa ya jikoni: inavuta hewa yake kutoka nje kwa bomba na kutoa moshi wake nje kwa bomba hilo hilo. Alifunga pia kidude cheupe darini, chenye kupiga kelele hewa ya sumu ikijitokeza. Alifanya kazi kutwa nzima bila utani. Alipoitungua ile ya zamani aliiweka mezani, akavuta kiti, akaniita nikae.

"Nani aliongeza maji mpaka tatu?" aliuliza, akionyesha mshale.

"Mimi, Fundi."

"Nilidhani hivyo. Uongo mmoja, na tayari bomba linavuja." Aligusa kitufe chekundu. Unga ulikuwa umegeuka mgumu kama plasta. Aliukwangua kidogo kwa ukucha, akaacha. "Bibi yako alikuamini mara nyingi sana siku ile, Crina."

Niliutazama ule unga uliobaki kwenye ukucha wake.

"Nisikilize. Na mimi nina kosa langu. Nilimtaka Bi Veturia atoe ahadi, nikaenda zangu. Sikumuuliza kama shingo inamuuma. Mngeniambia, ningekuja kulihamisha lile tundu nyuma ya kabati kwa nusu saa, yeye apate raha na nyumba ipumue. Jambo la nusu saa." Alifuta masharubu yake. "Lakini kosa langu halifuti lako. Wewe ulidhani namba ile inakuaibisha. Mashine hii haina haya, mwanangu, haijui kujisifu wala kuona aibu. Ikishindwa inasema nimeshindwa, na inasema nimeshindwa kitu gani. Kile kitufe hakitibu. Kinaifuta namba tu, ugonjwa unabaki pale pale. Na wewe uliificha mara ya kwanza ili usionekane umekosea. Mara zilizofuata uliificha ili ile ya kwanza isionekane. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo kimetuonea huruma, kimechukua kidogo kikaondoka. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa la siku moja linatengenezeka."

"Na hili?" nilimwuliza. "Hili linatengenezeka?"

Alimtazama Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na ukuta uliozibwa na kupakwa chokaa, akikunja na kukunjua leso.

"Boila nimeitengeneza," alisema taratibu.

Mama hakurudi tena Verona. Anafanya kazi kwenye duka la mikate, na jioni ananisaidia kumwogesha Bibi. Bibi hakandi tena unga, mikono haimtii, na kipimo cha cozonac yake hakikuandikwa mahali popote. Wakati mwingine ananiita kwa jina la Mama. Wakati mwingine ananitambua vizuri, ananitania kama zamani, nami nakaa kimya nisije nikaivuruga dakika hiyo.

Kadi mpya iko kwenye mlango wa kabati. Safari hii Fundi alinifanya niiandike mwenyewe, kwa kalamu nene. Na kila asubuhi, Mama anapopaka siagi kwenye mkate, Bibi anauliza kutoka kwenye kiti chake:

"Inasema nini leo?"

"Inasema hamsini na tano, Bibi."

"Basi ina afya kuliko mimi."

Anakunywa chai yake kidogo, anatazama dirishani, kisha anauliza tena. Siku nyingine mara tatu, siku nyingine mara sita kabla sijavaa viatu. Kila anapouliza nasimama, nakwenda mpaka kwenye kioo, nasoma, kisha namwambia kilichoandikwa.